Mbuzi wa Krismasi Aliyechinjwa na Mgeni

Enzi zetu pale Pangani, mbuzi wa Krismasi hakuchinjwa na Mkristo. Baba alikuwa mwinjilisti wa kikanisa chenye mabenchi sita, na majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya mkesha, Mzee Athumani wa nyumba ya pili alikuja asubuhi na kisu chake, akachinja, akanywa chai, akaenda zake. Kesho yake, baada ya ibada, yeye na mkewe Bi Zuhura na watoto wao walikula kwetu bila wasiwasi. Idi ikifika zamu ilikuwa yao, nasi tulirudi nyumbani hata kutembea hatuwezi kwa kushiba.

Sisi wasichana tulikuna nazi na kugombea ukoko, ingawa Mama alituonya kwamba mla ukoko hunyeshewa siku ya arusi yake. Yangu ilinyeshewa kweli.

Mwaka mmoja tukapata mgeni, mwinjilisti kijana kutoka bara, jina lake Elieza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku yake ya tatu ikawa ndiyo mkesha. Tulipotoka nje asubuhi, mbuzi ameshachinjwa na kutundikwa, Elieza anamchuna huku akitabasamu, anangoja sifa.

Mama alishika kichwa. Baba akamweleza mgeni kosa lake.

"Lakini mama, nani atajua?" Elieza akauliza.

"Mimi nitajua," Mama akajibu. "Tuwahubirie upendo kwa mdomo, halafu tuwalishe haramu kwa mkono?"

Akajitanda kanga, akanishika mkono, tukaenda. Niliogopa sana. Rukia, binti yao, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na niliona wazi kwamba tunakwenda kumpoteza. Mama alieleza yote akiwa amesimama mlangoni. Bi Zuhura akasema, "Ungekaa kimya tungekula, Mama Neema. Lakini siku tungejua, tusingekanyaga tena kwako."

Akamwita mumewe. Mzee Athumani akakamata majogoo wao wawili, akachinja, na Bi Zuhura akatupatia masufuria yake tupikie, nyama zisichanganyike.

Krismasi ile tulikula pamoja, sisi mbuzi, wao kuku, wali wa nazi ni wa wote. Elieza ndiye aliyepita na birika na beseni akiwanawisha wageni mikono. Mzee Athumani akamwambia, "Mwanangu, mwaka kesho niachie kazi yangu." Tulicheka wote, na mimi nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Siku hizi vijana wetu hutuma heri ya Krismasi kwa simu kwa watu mia, na sahani hupigwa picha kabla ya kuguswa. Siwacheki sana, maana mimi mwenyewe sasa naishi mjini, mtaa wa Usagara, ndani ya ukuta na geti la chuma. Juzijuzi kanisani tulikuwa na semina ya uanafunzi. Mwalimu akagawa karatasi, akataka kila mtu aandike jina la jirani mmoja, asiye wa kanisa letu, aliyekula nyumbani kwake mwaka huu. Mtaa ule nimeukaa miaka kumi na moja. Nilirudisha karatasi tupu.