Chupa Iliyotoka Bila Kusomwa

Lusiana alizaliwa Nachingwea, akaolewa Ruangwa, na huu ni mwaka wa nne anatunza stoo ya pembejeo ya mzee Evarist. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania inunuliwe skana. Katoni ikiingia, alibandika stika ya msimbo pau yenye namba ya katoni kwenye kila chupa. Chupa ikitoka, aliisoma kwa skana na kuingiza jina la mteja kwenye kompyuta. Mzee alinung'unika, "Watu wamepanga foleni, wewe unamulika chupa!"

Asubuhi moja ya Julai, mikorosho imechanua, msambazaji akapiga simu. Katoni moja ilijazwa vibaya kiwandani: chupa zilizoandikwa dawa ya wadudu zilikuwa na dawa ya kuua magugu.

Lusiana akafungua kompyuta. Katoni ile ilikuwa na chupa kumi na mbili. Rafuni akahesabu tisa. Moja kachukua Safina wa Likunja, nyingine Kassian wa Mandawa. Akawapigia. Safina alikuwa hajaifungua. Kassian alikuwa tayari kavaa buti.

"Dada, ungechelewa kidogo tu!"

Hizo ni kumi na moja. Alihesabu rafu upya, akapiga magoti kuchungulia chini ya meza. Hakuna kitu.

"Mzee, kuna chupa imetoka bila kusomwa."

Evarist akajibu, "Nilimpa dada yangu, Beatrisi. Wewe ulikuwa umekwenda kula. Nikaona ni ndugu, ya nini kumwandika?"

Simu ya Beatrisi haikupatikana. Lusiana akarukia bodaboda kwenda Malolo, vumbi limemjaa mdomoni, akiomba kimoyomoyo mashine ya kupulizia igome kuwaka. Hata shamba hajaliona, akasikia mngurumo. Akashuka pikipiki haijasimama vizuri, akakimbia kati ya mikorosho akipunga kanga.

"Bi Beatrisi! Zima! Zima mashine!"

Beatrisi akageuka, akazima. Mikorosho sita ilikwisha kupuliziwa.

Wiki haikuisha, maua ya ile sita yakanyauka kama yamebabuliwa na moto. Arobaini mingine ilizaa. Evarist alikwenda mwenyewe kumwomba radhi dada yake, akashinda huko kutwa nzima. Aliporudi stoo, alivuta kiti kando ya Lusiana, akaishika skana kwa mikono miwili, akamwomba amwonyeshe pa kubonyeza.