Dozi ya Wajukuu Wote

Kwa mama yangu, pale kijijini Mogitu, hakuna mtoto anayekula kitu peke yake. Ukimletea mjukuu mmoja biskuti, utaiona inavunjwavunjwa mpaka kila mmoja apate, na mtoto wa jirani anayepita na ndama zake naye ataitwa. Mimi ni kitinda mimba, nimekua nikivaa magauni ambayo dada zangu walikuwa bado wanayadai.

Mtoto wa kaka yangu alipochomwa na mwiba pajani, paja likavimba kama boga. Mama yake alikuwa ametoka tu kujifungua, hivyo nikatumwa mimi, shangazi, kukaa naye wodini. Kazi za namna hiyo huwa zangu, na sikatai, mradi waniache nilalamike.

Wakapasua jipu, usaha ukatoka, akaanza sindano. Nilijua kesho yake ataomba chai. Badala yake homa ikapanda. Wakabadilisha dawa, homa ikang'ang'ania palepale. Mtoto ambaye haikupita siku bila kugombana na mbuzi sasa hakunyanyua hata mkono kufukuza inzi. Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Wauguzi wa zamu ile naomba wanisamehe.

Daktari, binti mdogo mwenye subira, alituma usaha maabara, wadudu wa ugonjwa waliomo waoteshwe, ijulikane dawa gani inawaua. Akaniuliza mtoto ameshatumia dawa gani huko nyuma. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba huyu hajawahi kuugua hata mafua.

Bahati nzuri mama yangu alikuwa ameingia na chupa yake ya maziwa.

"Shikamoo bibi," daktari akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Huyu shangazi yake hajui kitu. Dawa amekunywa sana tu."

"Za ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa wake. Wa wenzake. Mmoja akikohoa tukapewa vidonge, nagawa, kila mtoto chake. Nitampaje mmoja, na wengine wamekaa wananitazama?"

"Na mgonjwa mwenyewe?"

"Anapata sawa na wenzake," mama akasema, tena kwa fahari.

Nilicheka, nikashindwa kujizuia. Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akamweleza taratibu kwamba dawa ikinywewa kidogo kidogo haiwamalizi wadudu. Wanaobaki ni wale sugu, nao huzaana, na watoto wanaolala kitanda kimoja huambukizana. Siku mtoto anapoumwa kweli, dawa ile haiwatishi tena. Mama alisikiliza hadi mwisho, akiwa bado ameshika kifuniko cha chupa.

Majibu ya maabara yalipotoka, kicheko kiliniisha. Dawa zote alizopewa zilikuwa zimegoma. Ilibaki moja tu, ya kutundikiwa kwa dripu, na pale haikuwepo. Gari la hospitali likatumwa kuifuata hospitali nyingine, nasi tukakaa tunautazama mlango. Mama alimpapasa mtoto kichwa muda wote, wala hakunitania hata mara moja kama ilivyo kawaida yake, jambo lililonitia hofu kuliko homa yenyewe.

Dawa ikaja, akatundikiwa. Siku zikapita, kisha asubuhi moja jasho likamtoka mpaka shuka likalowa, akafumbua macho, akagoma kabisa kukojoa kwenye kopo. Anataka chooni, kama wanaume. Nililia mbele ya wodi nzima bila aibu yoyote.

Mama hakulia. Alimfuata daktari mezani kwake.

"Huyu amepona, mwanangu, asante sana. Sasa wale walioko nyumbani wamekunywa hivyohivyo. Wakiugua wao mtawapa nini?"

"Tutawapima, bibi. Tutatafuta itakayowafaa."

"Na isipopatikana?"

Daktari alimshika mkono. Mama akajifunga vizuri shuka lake, akaniuliza kama gari la Mogitu limeshaondoka. Alitaka kuwahi kuwaona wale wengine.