Jivu Nililowapelekea Kuku wa Masere

Saa moja na dakika kumi asubuhi nilikabidhiwa pipa la mafuta lililokatwa juu, koleo na kiberiti. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kama mchomaji taka wa hospitali hapa Kamina. Mkuu wa usafi, mwanajeshi wa zamani, alinifundisha kazi yote kwa pumzi moja: "Unatia, unawasha, unangoya. Moshi ikikuwa nyeusi, njo inaungua muzuri."

Niliamini hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Tulichoma kila kitu pamoja: bandeji, maboksi, glavu, mirija ya serumu, yaani ya maji ya kutundikiwa wagonjwa. Mirija ile ilikuwa ya PVC, plastiki yenye klorini ndani yake. Pipa halikupata joto kali. Taka zilifuka tu kutwa nzima, na chini likabaki jivu la kijivu, laini kama unga wa muhogo.

Nyuma ya wodi ya uzazi, mtawa aliyeisimamia, ambaye wote tulimwita Masere, alifuga kuku ishirini na wawili. Kila mzazi alipata yai moja kwa siku. Kwa mwanamke aliyeletwa na pikipiki kutoka Kaniama, bila ndugu wa kumpikia, yai lile lilikuwa jambo kubwa. Mwaka mmoja kuku wakaingiliwa na utitiri. Nilikumbuka mama yangu kule Kabondo-Dianda: alimwaga jivu bandani, kuku wakagaagaa humo, wadudu wakafa. Basi nikawapelekea ndoo ya jivu kila Jumamosi. Utitiri ukaisha. Masere akanipigia makofi: "Tata, weye njo munganga ya kuku!"

Daktari Mkuu alipohamishwa aliacha sanduku la vitabu vya Kifaransa. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nilikuwa na kamusi, na moto hauhitaji macho yote mawili. Nilisoma ukurasa mmoja kwa siku. Siku moja nikafika kwenye neno dioksini.

Ni sumu ambayo hakuna anayeitengeneza kwa makusudi. Huzaliwa vitu vyenye klorini vinapoungua vibaya. Hutoka na moshi, hubaki kwenye jivu. Haiyeyuki katika maji, hukaa katika mafuta: mafuta ya kuku, kiini cha yai, kisha mwili wa mtu, ambamo hudumu miaka. Anayeipata nyingi kwa muda mrefu huweza kudhoofika kinga, kuvurugika homoni, hata kupata saratani. Na mtoto aliye tumboni ndiye dhaifu kuliko wote.

Nilifunga kitabu. Binti yangu Ngoie alikuwa wodini, amejifungua siku nne zilizopita. Mayai manne.

Nilimkuta Masere bandani. Alinisikiliza hadi mwisho, kuku mmoja kwapani.

"Nani alileta ile jivu?"

"Ni minyi, Masere."

"Jana munganga, leo muloji!" Aliniita mchawi, na hakucheka. "Na bamama batakula nini?"

Twende kwa Daktari Mkuu mpya, nikasema. Tulipofika, daktari aliuliza swali la haki: kipimo kiko wapi? Hapa hakuna maabara ya kupima dioksini. Nilimjibu kwamba sina kipimo, nina kitabu na ndoo. Alisoma kurasa zile akiwa amesimama, kisha akakaa.

Ngoie alikuwa amesikia habari kabla sijafika na daktari kitandani kwake. "Papa, niache kunyonyesha?"

Daktari alinitangulia kujibu. "Hapana, mama. Maziwa yako njo dawa ya kwanza ya mutoto. Tunaacha mayayi, si maziwa."

Kuku walichinjwa na kufukiwa kwenye shimo refu, pamoja na udongo wa juu wa banda. Masere alisimama pale hadi koleo la mwisho. Kwa miezi mitatu wazazi walipewa maharage na samaki wakavu wa Mulongo. Mirija ya serumu ikatengwa na moto: tuliitia dawa ya kuua vijidudu, tukaizika katika shimo lililojengewa saruji. Baadaye likajengwa tanuru la matofali lenye vyumba viwili, cha pili kikiuchoma tena moshi wa cha kwanza. Moshi mweusi ukawa alama ya kosa. Kuku wapya waliletwa kwenye banda jipya, na jivu lao lilitoka jikoni, la kuni tupu.

Ninyi mnaoanza kazi hii, tengeni kabla ya kuwasha. Desturi ya mama yangu haikuwa na kosa. Mimi sikuuliza jivu limetoka kwenye moto gani.

Mjukuu wangu sasa yuko darasa la tano na ananishinda kukimbia. Siku niliyostaafu, Masere, mgongo umeshapinda, alinipa sinia la mayai.

"Kula bila woga, muloji. Lakini deni ya kuku yangu ningali naikumbuka."

"Ngapi, Masere?"

"Kuku makumi mbili na mbili. Faranga laki nne na elfu makumi nne."