Meli Isiyo na Watoto

"Je, utajisikia vizuri kukaa siku saba mahali pasipo na mtoto hata mmoja?"

Wenseslaus aliyasoma maneno hayo ya fomu ya kampuni kwenye simu kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Alikuwa amerudi Kibosho kwa likizo ya mwezi mmoja. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate kwenye meli kubwa ya watalii inayozunguka Bahari ya Mediterania, na meli hiyo ilipakia watu wazima tu. Mara moja kwa mwaka kampuni ilimruhusu kila mfanyakazi kumpandisha mzazi au mlezi wake, wiki nzima, bila malipo. Orodha ingefungwa kesho yake.

"Mimi nimeshakataa," alidakia Agness, mama yake, huku akimenya ndizi za mtori. "Siku saba bila wajukuu! Miwani nani atanitafutia? Sindano nani atanitungia uzi? Mchukue shangazi yako."

"Ndiye ninayemuuliza, mama. Wiki ya pili sasa nauliza."

Justina, shangazi mwenyewe, alijifanya anapanga vikombe. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na mitatu kati ya hiyo aliitumia kwenye chekechea moja mjini Moshi, akifundisha watu wafupi kushika penseli, kupenga kamasi na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kulia. Alistaafu mwaka uliopita, lakini watoto walikuwa hawajapata habari. Kila asubuhi akina mama wa mtaa wake wa Soweto waligonga geti: "Mwalimu, dakika tano tu, nafika sokoni." Dakika tano ziliisha jua likizama. Wakati mwingine alikuwa na watoto sita sebuleni, wa saba amelala kapuni.

Wa kwake hakuwa naye. Marehemu mumewe, Theodory, hakumnyooshea kidole hata siku moja, wala hakuruhusu ndugu zake wamnyooshee, na kwa hilo Justina alimshukuru Mungu kila alipopita kaburini kwake. Hata hivyo kimya cha nyumba ya watu wawili hakikosi uzito. Alijifunza kuubeba.

Sasa kuhusu meli. Siku Wenseslaus alipomweleza mara ya kwanza, moyo wake uliruka. Siku saba! Kuamka bila kilio cha mtu. Kunywa chai ikiwa bado ya moto. Kukaa kitini na kuyatazama maji, mpaka achoke kuyatazama. Furaha ile ilimjia kabla hajapata nafasi ya kuizuia, na nyuma yake ikafuata aibu.

Kwa maana alijua furaha hiyo ingesikikaje ikitoka kinywani mwake. Miaka kumi na tisa nyuma, siku ya mvua ambayo watoto wote walikuwa wameshinda ndani, alikaa kwenye ofisi ya walimu akasema, "Leo watoto wamenichosha." Mwalimu mwenzake akamjibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye madaftari, "Ungekuwa na wako usingesema hivyo." Tangu siku hiyo hakurudia. Mama yeyote alikuwa na ruhusa ya kusema watoto wanamtoa roho, watu wakacheka naye. Yeye angesema, wangetazamana. Akipanda meli isiyo na watoto, si ndiyo wangepata la kusema: tasa kapata meli yake.

"Andika hapana," alimwambia Wenseslaus. "Nitawakumbuka mno watoto."

"Shangazi, ukidanganya unakuna sikio. Ulitufundisha mwenyewe chekechea, mwongo hukuna sikio."

Justina aliushusha mkono wake.

Agness aliwatazama wote wawili.

Uwanjani, ukoo ulikokusanyika, mbuzi aliyechinjwa kumkaribisha Wenseslaus alikuwa tayari. Ildefonce, mkubwa wa ukoo, alikaa mbele ya majani ya mgomba akikata na kugawa, maana katika ukoo wao nyama haikugawanywa ovyo. Kila undugu ulikuwa na kipande chake. Kidari kilikuwa cha wazee wa kiume. Shangazi alikuwa na mguu wake wa mbele. Mgongo ulikuwa wa mama wa nyumba, kwa sababu mgongo ndio unaobeba mtoto. Miaka yote Justina alipokea mguu wa mbele, akashukuru, akala.

Ildefonce alimkabidhi Agness mgongo. Agness akaurudisha palepale kwenye majani.

"Upasue katikati, shemeji. Nusu ya wifi yangu."

"Mgongo haupasuliwi, Agness. Wewe mgeni hapa?"

"Nina miaka arobaini hapa, na sijawahi kukuomba kitu. Huyu Wenseslaus nilimwacha Soweto ana miezi minane, mimi niko Tarakea nauza maharage. Miaka minne! Nani alimbeba? Alikwenda naye darasani mgongoni, anaandika ubaoni huku huyu anamvuta hereni. Sasa nile mgongo wote peke yangu, nimeubeba wapi?"

"Ungesema mapema," Ildefonce alinung'unika, akichukua panga. "Miaka yote hiyo umekula nusu ya mtu."

"Nilikuwa na njaa!"

Uwanja mzima ulicheka. Panga likashuka mara mbili, na nusu ya mgongo ikawekwa mikononi mwa Justina, ya moto, ikidondosha mafuta kwenye vidole vyake. Alikaa chini akala taratibu, bila kumtazama mtu, na kila alipomeza alihisi kana kwamba kitu kilichokazwa kifuani mwake kwa miaka mingi kinalegea.

Wajukuu wa Agness walikuwa wamemzunguka tayari. Mmoja alimpanda begani, mwingine alitaka mfupa, wa tatu alikuwa anafuta mikono kwenye kitenge chake cha kanisani.

"Jamani!" Justina alipaza sauti. "Hawa watoto wamenichosha!"

Akasubiri. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ildefonce aliendelea kukata. Agness alitingisha kichwa tu, akiwa na nyama mdomoni.

"Wamekuchosha wewe? Mimi wameshanimaliza. Shukeni hapo begani kwa bibi yenu, washenzi nyie!"

Justina alianza kucheka, na kicheko kikageuka machozi, na machozi yakageuka kicheko tena. Wenseslaus alichutama mbele yake, simu mkononi.

"Shangazi, niandike nini?"

"Andika ndiyo. Siku saba, pasipo hata mmoja." Alijifuta macho kwa kiganja chenye mafuta. "Ndiyo mara mbili, kama kuna nafasi."