Mama wa Nadège na Chumba cha Makoti

Zacharie alilinda vestiaire, chumba cha kuwekea makoti, katika ukumbi mmoja wa harusi hapa Butembo miaka kumi na mmoja. Baridi yetu haiwaachi watu waje bila koti, na kwa tope letu wengi hufika na buti, viatu vya sherehe wamevibeba mkononi. Hakupoteza hata mwavuli mmoja, naye alijivuna kupita kiasi. Mimi nilikuwa mpanga viti, na nilimwogopa.

Jumamosi moja ya mvua, mama mmoja alishuka kwenye pikipiki kutoka Lubero, tope hadi magotini, amekumbatia mfuko wa plastiki.

"Papa, uniache niingie humu, nivae kikwembe yangu. Mimi ni mama muzazi wa Nadège mwenye anaolewa."

"Invitation iko wapi?"

"Mama muzazi anapewaka invitation?"

"Mais mama, vestiaire ni ya makoti. Hapana ya kuvalia."

Jamani! Chumba kile kina kazi gani, kama si kumpa mtu nafasi ya kuiacha safari mlangoni, aingie mbele za watu na heshima yake? Mama alisimama barazani, wageni wakimpita na mavazi yao safi. Aibu ikamshinda. Akapanda pikipiki, akarudi.

Saa ya baraka, Nadège mwenyewe alitoka na shela lake.

"Papa Zacharie, mama yangu alishafika?"

Zacharie alitazama barabara. Ilikuwa tupu.

"Hapana, binti yangu. Hakuna mutu mwenye alifika."

Shangazi akabariki badala ya mama. Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya Zacharie yalizaliwa palepale. Alinieleza yote jioni ile, akilia. Naye mama, kwa kuona haya, alimwambia bintiye kwamba pikipiki iliharibika njiani. Nadège hakuamini. "Mama alipenda shamba lake la viazi kuliko mimi," alikuwa akisema, na Lubero hakwenda tena.

Zacharie alitundika pazia mle ndani, akaweka kioo na kigoda, kila mtu avae apendavyo. Lakini kumwambia Nadège ukweli, hapana. Nilimgombeza miaka mitatu mizima. "Nitasema kesho," alinijibu.

Mwezi wa nane mama alifariki. Kilioni Nadège alipiga magoti kando ya jeneza: "Mama, juu ya nini haukukuja kwa arusi yangu?"

Zacharie aliinamisha kichwa. Nami niliyemgombeza miaka yote hiyo nilikuwa nimeketi kando yake, na sikufungua mdomo.