Kazi ya Kuziba Damu

Mchana Walubengo huuza viatu vya mitumba katika soko la Kibuye. Jioni za mapigano huziba damu. Kazi hii ya pili mkewe hajawahi kuitaja kanisani, lakini wapiganaji wote wa Kisumu wanamjua: ni yule mzee mwenye kiuno kibovu anayeingia kizimbani raundi ikiisha, vaselini mgongoni mwa mkono, pamba nyuma ya sikio, akapewa dakika moja tu ya kufanya kile ambacho hospitali hukifanya kwa saa nzima. Ana miaka ishirini na mitatu katika hayo, na amechoka. Asiyeamini amtazame anavyopanda zile ngazi tatu za kizimba, anavyosimama juu kwanza kutafuta pumzi.

Usiku huo ulikuwa wa mkanda. Byron, mtoto wa wauza omena, dagaa wa ziwani, huko Usenge, miaka thelathini na minne, alikuwa anapigania ubingwa kwa mara ya pili, na mwandalizi alikwisha kusema hadharani kwamba mara ya tatu haipo. Walubengo alimlea katika mchezo huu wa ngumi, mateke na mieleka tangu hajaota ndevu. Alimpenda kuliko alivyowahi kukiri.

Raundi nne zilikuwa zimekwisha, imebaki moja. Jicho la kushoto la Byron lilikuwa limevimba likafumba kabisa, na ngozi juu ya la kulia imepasuka. Lakini kwa pointi alikuwa mbele, na kila mtu alilijua hilo, hata mpinzani wake. Dakika tano tu asimame, mkanda ni wake.

"Mzee, ziba hiyo damu!" Terry, kocha, alikuwa anapiga kelele nje ya wavu. "Daktari anakuja! Ziba!"

Walubengo akabana, akapaka dawa, akabana tena. Damu ikatii. Ubaya wa kazi yake uko hapo hapo, na siku hizi huuwaza sana akiwa amekalia gunia la viatu: akiifanya vizuri, mtu aliyestahili kwenda nyumbani hurudishwa kupigwa.

Akainua vidole vitatu mbele ya jicho la kulia. "Ngapi?"

"Mbili," Byron akajibu, swali halijamtoka mzee vizuri.

Mkono wa Walubengo ukabaki hewani. Jibu hilo alimfundisha yeye mwenyewe. Madaktari wa mapigano, sijui ni mazoea gani, huinua vidole viwili kwanza. Kwa hiyo jicho likiingia ukungu, wewe sema mbili, na useme kama mtu mwenye haraka. Walubengo ndiye aliyeuleta ujanja huo mjini, akawaokolea vijana wengi mapambano, na aliwahi hata kujisifia.

"Kijana yangu, unaniona?"

"An maber, mzee. Niko sawa. Wacha hizo."

"Nimekuuliza, unaniona?"

Uso wa Byron ulikuwa umeelekea pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Daktari akafika, mama mmoja mwenye tochi ndogo. Akakagua jeraha, akaona limekauka. Akainua vidole viwili.

"Mbili," akasema Byron.

Daktari akaitikia kwa kichwa. Terry akashusha pumzi. Zilibaki sekunde kumi hivi za mapumziko, na Walubengo angeweza kuokota ndoo yake akatoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Mungu anajua alivyotamani. Mkanda ule aliutaka pengine kuliko Byron mwenyewe.

"Daktari," akasema, "muulize tena." Akamwonyesha vidole vyake vinne, bila kuvitaja.

Daktari akainua vinne. Byron akasema mbili.

Pambano likasimamishwa, ukumbi ukazomea, chupa zikarushwa. Mkanda ukafungwa kiunoni mwa mtu mwingine.

"Umeniuza, mzee!" Byron alilia wakimtoa. "Umeniuza mbele ya mama yangu!" Terry alimtazama mzee jinsi mtu anavyomtazama mwizi aliyemlisha mezani kwake, kisha akaenda kuita gari la hospitali.

Katika chumba cha kubadilishia nguo walibaki wawili. Glavu zilikuwa zimevuliwa, bendeji za mikononi bado. Desturi ni kwamba aliyezifunga ndiye huzikata, basi Walubengo akatoa makasi.

"Usiniguse. Nitakata mwenyewe. Weka hapo, utoke."

Walubengo akayaweka kwenye benchi, kando ya goti la Byron. Hakutoka. Akasogea nyuma ya benchi, akasimama.

Byron akapapasa benchi. Mkono ukayapita makasi, ukarudi, ukayapita tena, ukaangusha chupa ya maji. Maji yakatiririka hadi kwenye nyayo zake, naye hakuzisogeza. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kuelekea ukutani, alikodhani mzee amesimama.

"Mzee," akasema. "Kata."

Walubengo akazunguka benchi, akaenda kusimama pale mikono ilipoelekea.