Waya wa Hodi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mradi mmoja wa kupima maji ya mito yetu ulileta kompyuta Bagamoyo, ukaiweka ghorofani katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Watu walikuja kuichungulia wakadhani ni jokofu. Nyaya zake nilikabidhiwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesomea ufundi wa simu Dar es Salaam, na kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika, macho ya mama yalikuwa yamefifia, na kazi nyingine ya ufundi hapa kwetu ungeitafuta kwa tochi usiipate.

Dar mama hakutaka hata kuisikia. Nilipokuwa naishi kule nilimbembeleza mara nyingi aje tukae wote, akanijibu kwamba hawezi kuishi mahali ambapo mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta humjui ni nani. Basi nikarudi mimi. Nilimtia dawa ya macho, nilimsomea barua, na nilimchambulia mchele, kazi ambayo hakumwamini mtu mwingine kuifanya.

Shida ilianza makarani walipohamishiwa vyumba vya chini, ng'ambo ya ua. Walikuwa na terminali, yaani kifaa chenye vibonye kama vya taipureta, ambacho huipelekea kompyuta maneno na kuandika majibu yake kwenye karatasi ndefu. Terminali ikawafuata chini, lakini waya wake haukufika hata kwenye ngazi. Mkuu wa mradi akaniambia nitengeneze mrefu zaidi. Lori la Dar lilikuwa linakuja Jumamosi. Kama mashine hazitasikilizana kufikia hapo, lingeondoka nazo, na fundi wake angezifuata huko huko. Aliyasema hayo kwa uso mkunjufu, kama mtu anayenipandisha cheo.

Nilimweleza mama siku hiyo hiyo. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nilipata waya wa simu, nikaupitisha dirishani na kuuvusha ua juu ya kamba za kuanikia nguo. Kila ncha nikailehemu kwenye plagi yenye pini nyingi, nyembamba kama mifupa ya dagaa. Shaba yote ilikuwa imeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, ikabidi niisugue kwa wembe kwanza. Kwenye simu nilikuwa nimejifunza kwamba mdomo wa huku huenda kwenye sikio la kule, kwa hiyo waya wa kusema na wa kusikia nilizipishanisha. Nyingine nikaziunga moja kwa moja, pini kwa pini yake, nikazipima zote kwa betri na balbu ya tochi. Balbu iliwaka kila mahali. Nikawaita makarani waje waone.

Terminali ilinguruma na haikuandika kitu. Nilifungua plagi, nikalehemu upya, nikaikaripia. Karani mmoja aliuliza kama nimeisomea dua, nikamwambia aisome yeye, maana mimi nina kazi. Kitabu cha mashine kilieleza kwamba terminali haisemi kabla ya kuomba ruhusa kwa waya mmoja na kujibiwa kwa waya mwingine. Nikajiambia kuwa hiyo ni hodi na karibu, jambo la kawaida kabisa, na waya wa hodi nimeuunga vizuri. Kosa sikuliona.

Ijumaa baada ya swala nilirudi nyumbani kula, nimenuna. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, akaja kama alivyokuja kila Ijumaa.

"Hodi, hodi," akasema mlangoni. "Karibu, karibu ndani," akajijibu mwenyewe, na tayari alikuwa ameshavua viatu.

Mama hakuwahi kuizoea tabia hiyo. "Hodi upige wewe, karibu uitikie wewe. Adabu gani hiyo?"

"Nisipojikaribisha, wifi, nitasimama nje mpaka lini?"

Nikaacha wali sahanini. Mimi nililelewa na mama, sikuingia kwa mtu bila kukaribishwa, ndiyo maana nilikuwa nimeipeleka hodi ya kila mashine kwa mwenzake. Huko ilikutana na hodi nyingine. Zilikuwa wageni wawili mlangoni, wote wastaarabu, na ndani hamna mtu. Nikarudi kazini mbio, nikakata ule waya wa hodi, na ndani ya kila plagi nikaunga pini ya hodi na pini ya karibu kwa kipande kifupi cha shaba. Kila mashine ijikaribishe yenyewe, kama shangazi.

Terminali ikaandika. Ilijaza karatasi vina vya Mto Wami, mstari baada ya mstari, na makarani wakapiga makofi. Mimi nilicheza pale pale, nikiwa bado nimeshika chuma cha kulehemu, nikaunguza pindo la gauni langu. Kesho yake lori lilirudi Dar limebeba nazi za dereva.

Jioni ya Ijumaa hiyo nilimkuta mama kitandani, ameketi wima, amejifunga kanga yake ya kutokea. Nikamwambia zimesikilizana, siendi popote.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi nifungulie kapu hilo, urudishe vitu mahali pake. Mimi mafundo yake siyaoni."

Nyuma ya mlango palikuwa na kapu la ukindu, limefungwa kwa kamba. Niliudhika kidogo. Nilidhani amenifungia nguo zangu bila hata kuniuliza, kama anayenifukuza. Nikalifungua. Mlikuwa na kanga zake, msala wake na chupa ya dawa ya macho. Nguo zangu hakugusa hata moja, zangu aliniachia nifunge mwenyewe.